Masika Kwenye Sayari ya Kisima

Siku kituo cha Kitulo kilipotangaza kwamba masika yameingia kwenye sayari ya Kisima, ng'ombe wa shamba la jirani walichelewa kukamuliwa, kwa sababu wakamuaji wote walikuwa wamekuja kushangilia. Ukumbi wa mitambo, ambao kwa kawaida ukiingia na kikombe cha chai unaonekana umeleta najisi, siku hiyo ulijaa masinia ya viazi na nyama ya kondoo, na mtu alikuwa ameegemeza ngoma kwenye kabati la kompyuta bila hata kuona haya.

Dokta Benigna Kikoti, mkuu wa uangalizi, alisimama mbele ya skrini kubwa akisubiri kelele zipungue. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mwalimu na subira ya mwindaji. Nyuma yake palikuwa na mstari mmoja wa buluu ulioteremka katikati kama bonde.

"Bonde hili mnaloliona ni maji," alisema. "Mwanga wa sayari ukipita kwenye hewa yenye unyevu, unyevu unakunywa zile rangi za joto ambazo macho yetu hayazioni. Pale ziliponywewa, mstari unashuka. Mwezi wa kwanza ulishuka kidogo. Mwezi uliofuata ukashuka zaidi. Leo umefika hapa. Kwa lugha ya kwetu, kule mvua zinanyesha, na zinazidi. Tumeyakuta masika yakianza."

Vigelegele vikapasua ukumbi. Hapakuwa na mtu wa kufundishwa habari za masika pale Kitulo, mahali ambapo ukungu huingia kwanza, kisha manyunyu, kisha mvua inakaa na wewe miezi kama mkwe asiyejua kuaga. Kila mmoja aliuona mstari ule akajenga picha yake: mito inafurika, udongo unalainika, kunapandika. Na kila mmoja alikikumbuka Kimulimuli, chombo kilichokuwa kinangoja ng'ambo ya mwezi na watu mia nne ndani yake. Watu wale walikuwa wanangoja neno moja tu kutoka Kitulo. Wakishaambiwa maji yapo, wangewasha injini keshokutwa, walale usingizi wa baridi wa zaidi ya miaka mia, waamkie Kisima. Mafuta waliyokuwa nayo yalitosha kwenda na kusimama. Ya kurudi hayakuwapo.

Miongoni mwao alikuwamo Winfrida Kikoti, fundi wa maji, mdogo wake Benigna wa tumbo moja. Kama familia zote za wasafiri wale, familia ya Kikoti ilikuwa imekwisha mkalia matanga. Mama yao alilala chini kwenye mkeka, majirani wakaja, wakalia, wakala, wakatawanyika. Ndivyo watu walivyokubaliana kufanya, maana mtu anayekwenda mahali ambapo hamtaonana tena ni wa kuliliwa akiwa hai, ajue alivyopendwa. Benigna naye alilia siku ile, halafu akarudi kazini kumtafutia mdogo wake maji.

Kabla tangazo halijatoka nje ya kituo, palibaki jambo moja, nalo ni Meza ya Utani.

Wageni waliotoka vituo vingine vya dunia waliichukulia desturi hii kuwa kichekesho, mpaka walipoiona inafanya kazi. Waasisi wa kituo walikuwa watu wenye akili. Waliona kwamba msomi ni mtu wa majivuno, na wadogo wake wanamwogopa, hivyo akikosea anakosea peke yake hadi mwisho. Lakini pia walijua kwamba mtani anaweza kwenda msibani kwa chifu, akalala kaburini akazuia mazishi, akamtukana marehemu na ukoo wake wote, na hakuna wa kumkunjia uso. Basi kila mkuu wa kazi akapewa mtani wake. Mtani akisema, hakasirikiwi. Na lolote atakalosema, hata liwe la kipuuzi vipi, litajibiwa kwa ushahidi kabla tangazo halijatoka.

Benigna alikuwa Mhehe wa Kilolo, na mtani wake alikuwa Gebhard Mapunda, Mngoni wa Peramiho, fundi wa vioo vya darubini. Alipanda kwenye kiti, glasi mkononi.

"Jamani, nawaonea huruma hawa Wahehe," alianza, na watu tayari wakaanza kucheka. "Babu zao walipowaona babu zangu walikimbia mpaka wakasahau wake zao, ila vibuyu vya pombe ya ulanzi hawakuvisahau. Mhehe hawezi kusafiri bila kibuyu! Sasa leo wamepeleka darubini mbali kuliko mwezi, mnadhani wameiacha iende mikono mitupu? Mtani, hayo maji siyo ya Kisima. Hayo mmekwenda nayo wenyewe!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Benigna naye alicheka hadi akafuta macho.

"Mngoni akikosa hoja anatafuta vita," alijibu. "Shuka kitini, mtani, utaanguka, na hapa hakuna wa kukubeba."

Wakapiga makofi, ngoma ikaanza, na tangazo likatoka. Alikuwa amejibu utani kwa utani. Ulikuwa utani mtamu, na kwa utamu wake hakuna aliyegundua kwamba ushahidi haukutolewa.

*

Asubuhi yake Gebhard alimtumia ujumbe amkute kwenye kuba la zamani.

Kuba lile lilikuwa jumba la mviringo juu ya kilima, na siku hizi lilikuwa ghala la viazi vya mbegu. Zamani ndilo lililokuwa na darubini ya kituo. Wanaanga wa wakati ule walipanda Kitulo kwa sababu mlima unakuacha juu ya sehemu kubwa ya hewa, na hewa ndiyo adui yao. Mtoto anapenda nyota inavyometameta. Mwanaanga anaichukia tabia hiyo, maana nyota yenyewe imetulia tuli, ila hewa inatikisika mbele yake, kama kokoto chini ya kijito inavyoonekana kucheza wakati haijasogea hata kidogo. Pia hewa ina unyevu, na unyevu unazinywa rangi za joto kabla hazijafika chini. Zaidi ya hayo hewa yenyewe ina joto, na kitu chenye joto kinang'aa kwa rangi zilezile unazozitafuta. Ukiyatafuta maji ya ulimwengu mwingine ukiwa chini ya hewa hii, utayaona maji ya dunia, basi.

Kisha yakaja mataa ya angani, vioo vikubwa vinavyozunguka juu na kumulika mashamba usiku kucha ili watu wavune bila kupumzika. Chakula kikaongezeka, hilo tusilibeze. Lakini mbingu ikawa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na wanaanga wakakosa hata kile kidogo walichokuwa nacho. Hapo ndipo lilipojengwa Dirisha, darubini ya anga za mbali.

Dirisha lilipelekwa mbali, upande wa dunia usioelekea jua, likafunguliwa mwavuli wa tabaka za karatasi ya fedha ili jua lisiliguse kamwe. Kule hakuna hewa wala ukungu, na nyota hazimetameti. Kuna baridi ambayo hata hewa tunayoivuta ingeganda ikawa jiwe, na baridi hiyo ndiyo inayoliwezesha jicho kuhisi joto dogo la sayari iliyo mbali. Kuba la Kitulo wakapewa wakulima.

Benigna alimkuta Gebhard ameketi juu ya gunia, hana glasi wala utani usoni.

"Mtani, tulilipeleka Dirisha kule ili tuukimbie unyevu. Au nimekosea?"

"Hata mtoto wa chekechea anajua hilo. Umeniita nije nifundishwe?"

"Na ule mwavuli wake ulishonwa wapi?"

"Hapahapa Makete. Ukakaushwa kwenye tanuri mpaka mafundi wakachoka."

"Ulikaushwa, ndiyo. Lakini karatasi zile zinafyonza unyevu kama mkate. Hukaushi ukamaliza. Kinachobaki kinatoka polepole, mwaka hadi mwaka, kinazunguka ndani ya darubini kikitafuta mahali penye baridi kuliko kote, kiganda hapo." Akainua macho. "Na mahali penye baridi kuliko kote ni kile kioo kidogo cha nyuma."

Benigna alikijua kioo kile. Nyota ya Kisima ni kali mno, kwa hiyo ndani ya Dirisha kuna kisahani kinachoiziba, na mwanga mdogo wa sayari, huo peke yake, unapinda na kupita kwenye kioo kidogo. Mwanga wa nyota hupimwa kwa njia nyingine.

"Nyota haipiti pale," alisema taratibu.

"Haipiti. Ndiyo maana tukiipima nyota tunaikuta kavu, tukiipima sayari tunaikuta ina maji."

"Na bonde ni pana kuliko bonde la mvuke." Sasa alikuwa anaongea na nafsi yake. "Niliwaeleza watu kwamba ni mawingu ya barafu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaeleza."

"Ni barafu kweli. Ila siyo ya huko."

"Na inaongezeka mwezi kwa mwezi."

"Kwa sababu inazidi kuganda. Mtu wa jangwani angeona mstari ule angesema chombo kina hitilafu. Sisi watu wa mvua tukauona tukasema masika."

Benigna alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Aliketi juu ya gunia la pili. Hasira ilimpanda kooni, na desturi ikaizuia pale, maana mtani hakasirikiwi.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Nilisema."

"Ulitania, Gebhard!"

"Nilitania, ndiyo kazi niliyopewa." Akainamisha kichwa. "Lakini sitakudanganya. Ningeweza kushuka kitini nikasema, mtani, sasa naomba ushahidi. Sikusema. Niliona ulivyofurahi, na watu walivyofurahi, nikajificha ndani ya utani nikiomba Mungu mcheke. Mkacheka."

"Una uhakika ni barafu?"

"Sina. Huenda Kisima kina maji na Dirisha lina barafu, vyote viwili. Kujua kuna njia moja tu, ile ambayo hutaki niitaje."

Aliijua. Kwenye kioo kidogo hakukuwa na kipasha joto, kwa sababu waya wowote ungeleta joto mahali pasipotakiwa. Kukipasha kungetaka Dirisha lenyewe ligeuzwe, jua liguse mgongo wake kwa saa kadhaa, mpaka barafu igeuke mvuke na kupotea. Na kipokezi cha mwanga kilichokuwa jirani na kioo hakikuwahi kuonja jua. Kingeweza kupasuka. Kikipasuka, dunia nzima ingebaki kipofu, maana Dirisha lilikuwa moja.

*

Mkurugenzi wa kituo, Dokta Mwinshehe, Mluguru mpole aliyezoea kusikiliza kwa macho yaliyofumba, aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Kisha akafumbua macho.

"Tuseme mmelianika juani likapasuka," alisema. "Na tuseme maji yalikuwa ya kweli. Watu mia nne wametoa nyumba zao, wamekaliwa matanga, halafu tunawaambia safari haipo kwa sababu tumelitoboa jicho wenyewe. Nani atajenga jingine? Wazee waliolilipia hili walibembelezwa miaka. Benigna, utakuwa umeua kitu kilicho hai kwa sababu ya utani wa karamuni."

"Na tukinyamaza, mkurugenzi, wakafika wakakuta jangwa?"

"Huna hakika."

"Ndilo tatizo langu. Jana nilisema nina hakika."

Mwinshehe alipangusa uso kwa kiganja. "Basi tuwaeleze shaka yetu, wachague wenyewe. Ni watu wazima."

Benigna alikwisha liwaza hilo njiani, na lilikuwa limemtamanisha. Ungekuwa mzigo umehama bega. "Wachague kwa kutumia nini?" aliuliza. "Nikiwapa shaka bila jibu, nimewapa kete warushe. Wao hawawezi kuligeuza Dirisha. Sisi tunaweza. Hatuwezi kukaa na ufunguo mfukoni halafu tukamwuliza aliye nje kama mlango umefungwa."

Gebhard alikohoa. "Mkurugenzi, naomba niseme kama mtani."

"Sema."

Akamgeukia Benigna, na safari hii hakuwa na chembe ya mzaha. "Mdogo wako yumo mle. Dirisha likionyesha barafu, Winfrida anarudi nyumbani. Unautafuta ukweli, mtani, au unamtafuta Winfrida?"

Nje ng'ombe alilia akajibiwa na mwenzake. Benigna aliona aibu, na chini ya aibu aliona kwamba ni kweli. Tangu walipotoka kwenye kuba, kuna sehemu ya moyo wake ilikuwa inacheza ngoma. Ilikuwa inasema barafu, barafu, iwe barafu. Alikuwa amemlilia mdogo wake akamzika akiwa hai, na sasa mtu alikuwa amelishika jeneza anasema ngoja kwanza. Nani asingetaka?

"Nawatafuta wote wawili," alisema hatimaye. "Sitakataa. Ndiyo maana mimi sitaisoma ile namba. Dirisha likishapoa, vipimo vitoke kule viende kwako, Mapunda, na viende Kimulimuli wakati uleule, vikiwa vibichi, kabla mkono wangu haujavigusa. Wana watu wanaojua kuvisoma. Amri ya kuligeuza nitaitoa mimi. Likipasuka, aseme mtu yeyote kwamba ni Benigna Kikoti."

Mwinshehe alivuta karatasi ya amri mbele yake. "Tangazo la jana lina sahihi yangu," alisema. "Basi na hili nalo litakuwa na yangu. Mpigie mdogo wako."

Sauti kutoka Kimulimuli huchelewa kidogo, muda wa kuvuta pumzi moja. Winfrida alitokea kwenye skrini nywele zimenyolewa tayari kwa usingizi wa baridi, nyuma yake mapipa ya maji yamepangwa. Alikuwa anatabasamu. Benigna alimweleza yote bila kuremba: kioo, barafu, mwavuli, karamu, kicheko. Tabasamu lilififia kidogo kidogo, kama moto uliokosa kuni.

"Dada, mlijua lini?"

"Leo asubuhi. Tungejua jana kama ningesikiliza."

Pumzi moja ikapita.

"Unaniuliza kama tukubali mgeuze?"

"Sikuulizi. Nakuarifu, ili msiwashe injini. Nikikuuliza ningekuwa nakutwisha mzigo wangu."

Kule juu Winfrida aliuma mdomo, akatazama kando, akarudi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya fundi, siyo ya mdogo mtu. "Mkiligeuza, ligeuzeni kwa upole. Barafu ikitoka kwa kasi itahamia kwenye kipokezi. Mtakuwa mmehamisha tatizo. Upashe polepole, dada. Mimi nimeyeyusha barafu ya mapipa haya tangu tuondoke, naijua hila yake, na nitawatajia digrii ya kusimamia."

Gebhard, aliyekuwa kando, alichukua kalamu akaanza kupiga hesabu upya.

*

Waliligeuza saa za adhuhuri, ukumbi umejaa na hakuna aliyekuwa anakula. Benigna alitoa amri mwenyewe kwa sauti, neno moja baada ya jingine, na kila neno Gebhard alilipinga kama desturi ilivyotaka. Mbona digrii hii na siyo ile? Mbona sasa? Je, mwavuli ukikunjamana? Safari hii kila swali lilijibiwa kwa ushahidi, na hakuna aliyecheka hata pale Gebhard alipomwita mjukuu wa mkimbizi. Kisha amri ikaondoka.

Kule mbali, kwenye giza ambalo halijawahi kumwona mtu, Dirisha likaanza kuinama. Jua likaugusa ukingo wa mgongo wake. Pale Kitulo kilichoonekana ni namba ya joto tu, inapanda, inasita, inapanda. Gebhard alikuwa akiishika kama mtu anayechemsha maziwa, jicho halibanduki, mkono uko tayari kuepua. Ilipofika mahali Winfrida alipopataja aliisimamisha, akaiacha hapo, akakataa kuongeza hata mkurugenzi alipouliza kama haitoshi.

"Bado inatoka," alisema. "Mwacheni mgeni avae viatu."

Kipokezi kilikuwa kimezimwa, kwa hiyo hakuna aliyejua kama kimepona. Walilirudisha Dirisha kivulini, wakasubiri lipoe. Kupoa kulichukua siku hiyo na inayofuata, na katika muda huo Benigna alifanya alichoweza. Alilala kidogo. Alikwenda kwa mama yake, akamwambia kila kitu, na mama yake akamwuliza swali ambalo mkurugenzi hakuliuliza: "Ukikuta maji kweli yapo, utamwacha aende?"

"Nitamwacha, mama."

"Haya. Kama ni hivyo, fanya kazi yako."

Alirudi kituoni akiwa mwepesi. Hakuwa na furaha, ila hofu ilikuwa imetoka. Alijua atakachofanya kwa jibu la namna yoyote, na mtu akishajua hivyo, kilichobaki ni kungoja tu.

Kipokezi kiliwashwa alasiri. Benigna aliisogeza nyuma meza yake mwenyewe, akakaa mahali ambapo skrini haionekani, akatazama mgongo wa Gebhard. Aliuona mgongo ule ukikakamaa, halafu mabega yakishuka.

"Jicho zima," alisema Gebhard. "Kipokezi hakijapasuka. Na linaona zaidi ya mara mbili ya lilivyokuwa linaona."

Ukumbi ukapumua. Hakuna aliyethubutu kushangilia.

"Na bonde?" aliuliza Mwinshehe.

Gebhard alisogea pembeni ili kila mtu aone. Mstari wa buluu ulipita skrini nzima kutoka kushoto hadi kulia umenyooka. Pale palipokuwa na maji hapakuwa na kitu. Kisima kilikuwa jiwe kavu lenye jua kali, na kilikuwa hivyo siku zote, wakati watu wa Kitulo wakicheza ngoma.

Benigna alisimama. Sehemu ile ya moyo wake iliyokuwa ikicheza ilianza tena, lakini sasa kulikuwa na sehemu nyingine iliyokuwa inalia, kwa sababu alikuwa amekipenda Kisima miaka mingi, akaiota mito yake, akawafundisha watu kuiota. Vyote viwili vilikuwa vya kweli, akaviacha vikae pamoja. Mkurugenzi alimpa kipaza sauti. Hakumshauri achague maneno laini.

"Kimulimuli, hapa Kitulo," alisema. "Mnavyo vipimo mbele yenu, nami nasema kwa mdomo wangu ili iwe imesemwa. Kisima hakina maji. Maji tuliyowaonyesha ni ya kwetu. Ni unyevu wa Makete, tuliushona ndani ya mwavuli tukaupeleka mbali kuliko mwezi, kisha tukautazama tukasema ni mvua ya ulimwengu mwingine. Nilikosea, na niliulizwa swali kabla sijawatangazia, nikalicheka. Msiwashe injini."

Pumzi moja ikapita. Ya pili ikapita, ya tatu. Kisha akatokea nahodha, mzee mwenye macho mekundu. Alisema maneno machache tu, kwamba wamevisoma vipimo, wamekubaliana navyo, injini zimefungwa, na kuna watu wengi wanaolia, Kitulo iwaache walie kwanza. Akasema watakaa walipo mpaka jicho lililosafishwa liwatafutie pengine, au wachague kurudi, kila mtu na lake.

"Lini mtaanza kutafuta?" aliuliza.

"Kesho asubuhi," alijibu Benigna. "Na safari hii kila bonde tutalianika juani kwanza."

Nahodha akaitika kwa kichwa, akaondoka, na kwenye nafasi yake akaja Winfrida. Alikaa kwenye kiti akatazama mbele. Machozi yalikuwa yamekwisha kauka mashavuni. Watu wa ukumbini walianza kutoka mmoja mmoja wenyewe, bila kuambiwa, Gebhard akiwa wa mwisho, akaufunga mlango taratibu.

"Dada," alisema Winfrida.

"Niko hapa."

"Siku ile kwenye uwanja wa kurushia chombo, uliponishika mkono, nilijisemea huyu simwoni tena. Nilikuaga kabisa. Nilikuondoa moyoni ili niweze kupanda." Alipapasa kichwa chake. "Mama amenikalia matanga. Wewe umenililia. Sasa mtu aliyekwisha agwa na kuliliwa anaanzaje tena? Hata sijui nikusalimie vipi."

Benigna aliusogelea mwanga wa skrini mpaka akaziona zile nywele changa zilizokwisha anza kuota kwenye kichwa kilichonyolewa.

"Mdogo ndiye anayeanza," alisema. "Hilo halijabadilika."

Pumzi moja ikapita, ile ya kutoka ng'ambo ya mwezi.

"Kamwene, dada," akasalimia kwa Kihehe.

Benigna aliweka kiganja kwenye skrini.

"Kamwene, Winfrida."